Hiyo "To" Yenu Itanitoa Roho

Nyinyi mliokuja juzi na barua za atachimenti, pamoja na wale waliopandishwa kutoka hausikipingi kuja mapokezi, haya ni yenu. Nawaandikia sasa kwa sababu ni masika, mto Sabaki umeshaichafua bahari yote ya Malindi, wageni hawajazi hata korido moja, na mimi nimepata nafasi ya kusoma kitabu cha hendova, kile cha kukabidhiana shifti, ukurasa kwa ukurasa. Sikukifungua kwa ubaya. Nilikuwa namtafuta aliyempa chumba cha juu bibi wa watu mwenye mkongojo. Huyo sikumpata, lakini nilikutana na hizi: "Guest in 14 does not know to open the safe." Chini yake, mwandiko mwingine: "I made him to sign." Na shifti ya usiku ikamalizia: "We look forward to receive the group from Watamu."

Haya makosa ni ya urithi. Waliotutangulia waliyaandika, tukayapokea, na sasa nawaona nyinyi mnayaandika kwa mwandiko mzuri zaidi na kwa kujiamini zaidi. Wengine mna diploma. Nami nawapenda, ndiyo maana sijamwonyesha meneja.

Kabla ya kuanza kuhesabu, jueni tatizo linatoka wapi. Kiswahili chetu kina "ku-" moja tu inayofanya kazi zote. "Nataka kuogelea", "nimeacha kuogelea", "kuogelea kumenichosha": neno ni lile lile, halibadiliki uso. Kiingereza kazi hizo kimezigawa. Kuna infinitivu, yaani kitenzi kisichotaja nafsi wala wakati, yenye "to": "to swim". Kuna infinitivu kavu isiyo na "to", yaani "swim" peke yake. Na kuna "swimming", ambayo si infinitivu kabisa lakini hukaa pale pale ambapo sisi tungeweka "ku-". Darasa la pili tuliambiwa "ku-" ni "to", basi. Tangu siku hiyo kila "ku-" ikipita kichwani mkono unaandika "to", hata kama kitenzi kilichotangulia hakiitaki.

Orodha za vitenzi sitawapa. Mlipewa chuoni, mkafanyia mtihani, mkazisahau siku ile ile. Nitawapa yale yanayotokea kwenye kaunta hii.

1. "To" mnayoiongeza na "to" mnayoiiba

Baada ya "can", "must", "should", "will" na ndugu zao hakuna "to", na hilo mnalijua hata mkiwa usingizini. Mnapoanguka ni kwenye "make" na "let". "Let me check", siyo "let me to check". "I made him sign", siyo "made him to sign". Halafu mkifika kwenye "allow", "enable" na "ask", ambazo zinaitaka "to" kwa nguvu zote, hapo ndipo mnaamua kubana matumizi: "Kindly allow us change your room." Hapana. "Allow us to change." "Help" haina ubishi, inapokea zote mbili.

Sasa "make" ina kituko chake. Ikiwa katika hali ya kutendwa, "to" inarudi: "He was made to sign." Na ikirudi inakuja na harufu ya kulazimishwa. Kuna kijana mmoja, mwerevu sana, leo ni fudi na bevareji meneja mahali fulani upande wa Casuarina, aliagizwa aandike kibao cha bwawa dogo. Alitaka kusema bwawa hilo limetengenezwa kwa ajili ya watoto kuogelea. Akaandika, kwa rangi ya buluu, herufi kubwa zilizonyooka: "CHILDREN ARE MADE TO SWIM HERE." Kibao kikapigiliwa msumari. Kilikaa pale mpaka siku mama mmoja Mwingereza alipokuja kaunta kuuliza, kwa upole kabisa, kama mwanawe ambaye anaogopa maji anaweza kusamehewa. Tulimwelewa baada ya kwenda naye bwawani. Yule kijana alikitoa kibao usiku, peke yake, na rangi ya buluu haikutoka kwenye vidole kwa siku kadhaa.

Alichotaka ni "for children to swim in". Hiyo "for" na mtu kisha "to" ni nzuri sana, itumieni: "We have arranged for the driver to meet you." "It is possible for you to leave your bags here."

2. "To" ambayo si infinitivu

Hii ya "look forward to receive" imo katika karibu kila barua pepe inayotoka hapa. "To" ya pale si ya kitenzi. Ni kihusishi, ni ndugu wa "to the beach". Jaribio lake ni dogo: weka jina badala ya kitenzi uone kama sentensi inasimama. "We look forward to your visit." Imesimama. Basi kitenzi kikija hapo kije na "-ing": "We look forward to receiving you." Fanyeni hivyo hivyo kwa "object to", "in addition to" na "committed to".

Na "used to", jamani. Zipo mbili. "I used to work" ni zamani nilikuwa nafanya kazi, sasa sifanyi. "I am used to working" ni nimezoea. Mwaka fulani nilikaa kwenye meza ya usaili. Aliingia kijana ametoka chuo cha utalii, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akaulizwa kama anaweza kuhimili kazi wakati wa Krismasi na Ferragosto, ile sikukuu ya Waitaliano ya katikati ya Agosti, hoteli ikiwa imefurika. Akajibu bila kusita: "Yes sir, I used to work under pressure." Meneja akatabasamu, akamuuliza: "And what happened?" Kijana hakuelewa. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nilikuwa nimeangalia chini nisije nikacheka mbele ya mtoto wa mwenzangu. Tulimchukua, kwa sababu alikuwa mzuri, lakini nilimwita pembeni siku ya kwanza nikamwandikia sentensi zote mbili nyuma ya vocha.

3. Kujua kufanya

"Najua kuendesha" ni "I know how to drive". "How" isikosekane. "Does not know to open the safe" haiko. Vivyo hivyo "what to do", "where to park", "when to call". Tumemaliza.

4. Kilichonipata mimi

Hili nimekuwa nikilikwepa. Vijana wa zamani wanalijua, tena wengine wanalisimulia vibaya kuliko lilivyokuwa, kwa hiyo lisikieni kwangu.

Nilikuwa mpya. Si hoteli hii. Nilifanya shifti ya jioni, na mapokezi pale kulikuwa na sefu kubwa nyuma ya pazia, ile ya zamani ya ufunguo, kwa sababu sefu za vyumbani zilikuwa bado hazijafika. Mgeni alikuwa ameweka bahasha ya pesa. Utaratibu ni huu mnaoujua: unahesabu mbele yake, unaandika kwenye kitabu, anasaini, unasaini, unafunga. Mwisho wa shifti unamkabidhi naiti odita, yule mkaguzi wa hesabu wa zamu ya usiku, ufunguo na kitabu.

Usiku ule naiti odita alifika mapema. Tukahesabu pamoja, nikampa ufunguo, na yeye ndiye aliyebaki pale sefu likiwa wazi akipanga bahasha zake. Nikaenda zangu kutafuta tuktuk, mvua inanyesha. Asubuhi sefu likakutwa halijafungwa. Bahasha ipo, lakini mgeni akasema imepungua.

Meneja wetu wakati huo alikuwa mgeni, hana Kiswahili zaidi ya jambo na asante. Akataka kila aliyegusa ufunguo aandike maelezo kwa Kiingereza, siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi, yapelekwe makao makuu ng'ambo. Nikapewa karatasi na kalamu nikakalishwa kwenye ofisi ya akaunti. Mikono inatetemeka. Kichwani nilikuwa na sentensi mbili za Kiswahili, zote za kweli. Ya kwanza: sikumbuki kulifunga sefu, maana ufunguo ulikuwa kwa mwenzangu. Ya pili: niliacha kulikagua sefu alipoingia naiti odita.

Nikaandika hivi, na maneno haya nayajua kama jina langu: "I did not remember to lock the safe because the key was with my colleague. I stopped to check the safe when the night auditor came."

Wale ambao mmeshaona, tulieni. Wale ambao hamjaona, someni tena polepole.

"I did not remember to lock" maana yake ni nilisahau kufunga. Yaani ilikuwa kazi yangu, wakati wake ukafika, nikaghafilika. Nilitaka kusema sina kumbukumbu ya kufanya kitendo hicho kwa sababu si mimi niliyekifanya. Kiingereza cha jambo hilo ni "I do not remember locking the safe." Na "I stopped to check the safe" maana yake nilisimama kidogo ili nilikague. Nilitaka kusema niliacha kulikagua, jukumu limehama: "I stopped checking it." Sasa ziunganisheni hizo sentensi mbili kama alivyoziunganisha meneja. Huyu binti alisimama makusudi akalikagua sefu, naiti odita akiwa ameshafika, kisha akasahau kulifunga, na bado anamtupia mwenzake lawama. Nilijiandikia kesi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaweka sahihi na tarehe.

Kwenye kikao alikuwapo mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mzee mmoja wa Mtangani, mpole, miwani imefungwa uzi. Akaisoma karatasi yangu, akanigeukia, akanitafsiria kwa Kiswahili ili nijitetee: "Mwanangu, hapa umesema ulisahau kulifunga." Nikasema hapana, sikuandika hivyo. Akanionyesha kwa kidole. Nikasema hapana, hapo nimesema sikumbuki. Akarudia kusoma. Nikaanza kulia, na kulia kwenyewe kukahesabiwa. Naiti odita alikuwa amekaa kiti cha pili, ameandika mistari mitatu mifupi isiyo na kosa hata moja. Alikuwa amesomea Mombasa. Sikumlaumu kwa Kiingereza chake kizuri wakati ule, na leo simlaumu, lakini macho yake hakuyainua hata mara moja mpaka kikao kikaisha.

Sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, na sevisi chaji ya mwezi ule ikazuiwa, nayo ya lo-sizon, msimu wa wageni wachache, mnaijua ilivyo, ni kama haipo, lakini nilikuwa nimeshaiahidi nyumbani. Barua haikusema wizi. Ilisema uzembe. Nilipotoka pale miaka iliyofuata nikaenda kuomba kazi kwingine, nikaulizwa kama nimewahi kupewa onyo, na ilinibidi niseme ndiyo kisha nieleze tofauti ya "to lock" na "locking" mbele ya watu waliokuwa wanataka kwenda kula.

Kwa hiyo mtu akiniambia sarufi ni mambo ya shule, namwangalia tu.

Haya, sababu yake ni hii, na mkiielewa hamtahitaji kukariri. "To" ya infinitivu ilianza maisha kama ile ile "to" ya kwenda mahali. Katika Kiingereza cha kale infinitivu ilikuwa na mwisho wake yenyewe, "-an": kunywa kulikuwa "drincan", kuimba "singan", na "to" iliwekwa mbele pale tu mtu alipotaka kuonyesha anakokwenda au kusudi lake. Karne zikapita, ule mwisho ukamomonyoka, "to" ikabaki na kuzoeleka. Lakini tabia yake ya kutazama mbele haikuondoka. "Want to", "hope to", "plan to", "promise to", "decide to", "agree to": kitendo bado hakijafika, kiko mbele. Na "-ing" mara nyingi inatazama kitendo kilichopo au kilichokwisha: "enjoy", "finish", "deny", "admit", "keep". Si sheria ya chuma. "Avoid", "suggest" na "consider" zinataka "-ing" na hakuna kilichotendeka bado, na "manage" inataka "to" ilhali jambo limeshafanikiwa. Ila kwa vile vitenzi vinavyopokea zote mbili na kubadilika maana, inafanya kazi vizuri sana.

"Remember to lock": kwanza unakumbuka, kisha unafunga. Kufunga kuko mbele. "Remember locking": kwanza ulifunga, sasa unakumbuka. Kufunga kuko nyuma. "Forget" ni hivyo hivyo.

"Stop to" ni kusimama ili ufanye jambo. "Stop -ing" ni kuliacha. Dereva anayeandika "I stopped to smoke" ndani ya basi la wageni anajichimbia shimo.

"Regret to inform you" ni tunasikitika kukujulisha, habari inakuja. "Regret informing you" ni tunajuta kuwa tulikuambia. Mmoja wenu, simtaji, wiki iliyopita amemwandikia mgeni "We regret informing you that the glass boat is cancelled." Mgeni amejibu kwamba naye angependa kujua kabla ya kufika ufukweni, kwa hiyo tusijute.

"Try to" ni kujitahidi, na mara nyingi hudokeza ugumu. "Try -ing" ni kufanya jambo uone kama litasaidia. Mgeni ambaye mlango haufunguki anaambiwa "Try turning the key to the left." Ukimwambia "Try to turn the key" umemtukana mikono.

Na mkitakiwa kuandika maelezo ya aina yoyote, yaandikeni kwanza kwa Kiswahili, mlete, tukae. Hata kama ni saa sita usiku.

5. Kiitaliano kinavyoingia

Malindi ni Malindi. Waitaliano wako hapa tangu enzi za kurusha roketi kule Ngomeni, miaka ya 1960, na nusu yenu mlijua "quanto costa" kabla ya kujua "how much". Sina neno, Kiitaliano kinatulisha. Lakini Mwitaliano husema "sono venuto per pagare", nanyi mnakichukua kile "per", mnakitafsiri "for", mnapata "I came for pay", na wenye bidii zaidi "for to pay". Kusudi kwa Kiingereza ni "to" peke yake: "I came to pay." Mkitaka urasmi, "in order to". "For" na kitenzi kitupu havikai pamoja.

Nikiwa hapo hapo, "too". Sisi wa Afrika Mashariki tumeifanya "too" kuwa sawa na "sana". Si sawa. "Too" ikifuatwa na "to" maana yake imezidi mpaka jambo halifanyiki: "too hot to drink", halinyweki. Mwenzenu wa burudani aliandika kwenye ubao wa asubuhi, Januari moja ya kaskazi, bahari imelala kama ilivyo: "Today the sea is too calm to swim." Alikuwa anawakaribisha. Wageni wakasoma ubao, wakaangalia bahari, wakasoma ubao tena, wakaenda kulala kwenye viti. Boti ya kwenda kwenye matumbawe iliondoka na watu wawili, na hao walikuwa Waitaliano ambao hawakusoma ubao. Angeandika "calm enough to swim in" angejaza boti mbili.

6. Nani anakula nani

Infinitivu haitaji mtendaji. Inakuachia wewe ukisie, na mara nyingine kisio ni viwili. "The crabs are ready to eat." Kaa wako tayari kuliwa, au kaa wako tayari kula? Kwa watu wazima muktadha unatosha. Kwa mtoto aliyekaa karibu na sinia, kucha za kaa zikimwelekea, hautoshi, na nimeshuhudia mtoto akipanda juu ya mapaja ya baba yake. "Ready to be eaten" haina shaka lakini inachekesha. Semeni "Your crab is ready" na mwondoke.

Lililo zito ni la kupiga simu jikoni: "Table six is ready to serve." Hao wageni wameajiriwa lini? "Ready to be served." Vyumba navyo, "Room 9 is to be cleaned", siyo "is to clean".

7. Ya haraka haraka

Kukanusha: "Tell him not to smoke." Siyo "to don't smoke". Hili nikiliona tena nitaandika jina.

"Suggest" haitaki "to": "I suggest taking a tuktuk", au "I suggest you take a tuktuk." Siyo "I suggest you to take".

"We are sorry to have kept you waiting." Hii ikaririni yote, neno kwa neno, hamtapata sentensi itakayowafaa zaidi kwenye kaunta hii siku ndege imechelewa na vyumba havijatoka.

"Would you like to see the room?" "I'd love to." Mgeni akiishia kwenye "to", hajakatizwa. Sentensi imekwisha, mpelekeni.

8. Kupasua infinitivu

Kila msimu anakuja mstaafu mmoja Mwingereza, mara nyingi aliwahi kuwa mwalimu, ambaye atairudisha barua ya kumkaribisha ikiwa imepigwa mstari wa kalamu chini ya "to kindly inform you". Atakuambia infinitivu haipasuliwi, yaani neno lisiingizwe kati ya "to" na kitenzi chake. Msibishane naye, mpeni juisi ya ukwaju. Ila mjue kwamba si sheria. Waingereza wameipasua tangu Enzi za Kati. Mwaka 1864 Henry Alford, aliyekuwa mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, aliandika kuulaani mtindo huo kana kwamba haukuwahi kuwapo, na baada yake walimu wakaushikia fimbo. Mwaka 1926 H. W. Fowler, mwandishi wa kamusi ya matumizi ya Kiingereza, akawagawa wasemaji wa Kiingereza makundi matano kuhusu jambo hilo, akasema wengi wao hawajui wala hawajali, na kwamba hao ndio wenye raha.

Baadhi ya wakali huleta hoja ya Kilatini, kwamba kule infinitivu ni neno moja, haina pa kupasulia. Hoja hiyo hainipandi. Sisi yetu ni neno moja na tunaipasua mchana kweupe: kufunga, kutofunga, kumfungia, kutomfungia. Hakuna aliyelia.

Ninachowaomba ni busara tu. Kwenye barua kwa wateja wakubwa kwa umri, epukeni kupasua: "kindly to" ni mbaya zaidi, kwa hiyo ondoeni "kindly" yote. Mmeimwaga "kindly" kwenye barua zetu mpaka haina ladha. Lakini pale kukwepa kupasua kunapoharibu maana, pasueni. "We decided to gradually replace the mattresses" ni sawa kabisa. Mkiandika "We decided gradually to replace the mattresses", mgeni atadhani kuamua ndiko kulikochukua muda, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa, lakini yeye hahitaji kulijua hilo.

Rosta ya wiki ijayo iko ubaoni. Aliyeandika la namba 14 akalirekebishe, yeye mwenyewe anajijua, na amwonyeshe yule mgeni jinsi ya kufungua sefu maana hakuna aliyekwenda. Wenye maswali mnipate baada ya saa tano, chek-auti ikishapoa. Na mtu asinijie na "Madamu, I came for to ask."